Dawa za Kumeza: Angalia Unachokunywa Nazo

SOMO LA VIKUNDI



Mara nyingi katika vikundi vyetu vya Kotile na vijiji vya kando ya Mto Tana husikika maneno haya: "Nilimeza dawa zote, na bado sijapona." Mmoja huilaumu dawa, mwingine humlaumu daktari. Lakini kuna jambo lingine ambalo wengi hatuliangalii, nalo ni tumbo.

Safari ya tembe

Tembe ya kichwa haiendi moja kwa moja kichwani. Kwanza huyeyuka tumboni, halafu hupita kwenye utumbo mwembamba, na hapo ndipo hufyonzwa na kuingia katika damu. Damu ndiyo huipeleka mahali pa ugonjwa. Wakulima wetu wanajua: pampu ikiwa inanguruma mtoni lakini mfereji umepasuka njiani, mafuta yataisha na mahindi yatakauka. Dawa isiyofika kwenye damu ni hivyo hivyo.

Tuangalie mifano ya hapa kwetu.

1. Maziwa na dawa ya brusela

Brusela huingia kwa maziwa mabichi, na pia kwa kushika mifugo inayozaa au iliyotoa mimba. Mtu mzima mara nyingi hupewa doksisaiklini asubuhi na jioni kwa wiki 6, pamoja na dawa nyingine, kama rifampisini ya kumeza au sindano. (Mama mjamzito na mtoto mdogo hupewa dawa tofauti.)

Sasa shida iko hapa. Maziwa yana kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na doksisaiklini tumboni, hushikana nayo, na sehemu ya dawa hutoka nje bila kuingia kwenye damu. Mfugaji anayemeza dawa yake kwa kikombe cha maziwa ya ngamia au chai ya maziwa anajipunguzia dawa kila siku. Meza kwa maji, gilasi nzima. Maziwa yangoje saa 2. Ikikuchafua roho, kula chakula kidogo kisicho na maziwa. Tena meza ukiwa umeketi, usilale mpaka nusu saa ipite, maana tembe hii ikikwama kooni huchoma.

Rifampisini nayo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Usiogope, sio damu. Wengi huacha dawa wiki ya pili au ya tatu kwa sababu homa imeisha. Vijidudu bado vimo mwilini, na homa itarudi. Na maziwa ya nyumbani yachemshwe, la sivyo utapona leo uambukizwe tena kesho.

2. Chai na tembe za damu

Akina mama wajawazito hupewa kliniki tembe za kuongeza damu, zenye madini ya chuma na foliki. Ukizimeza kwa chai ya rangi au ya maziwa, chuma kingi hakifyonzwi. Meza kwa maji, na chai ingoje angalau saa 1. Embe, chungwa au maji ya ndimu husaidia chuma kiingie. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida.

Jambo hili si dogo. Mama mwenye damu kidogo akivuja damu wakati wa kujifungua hana akiba. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalituonyesha jinsi barabara za Garissa zinavyokatika. Akiba hiyo inafaa iwekwe mwilini mapema, kabla mto haujafurika.

3. Malaria: hapa maziwa ni rafiki

Msitoke hapa mkisema maziwa ni mabaya kwa dawa zote. Dawa ya malaria inayoitwa AL hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Mtu mzima humeza tembe 4, halafu 4 nyingine baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni 24. Ukitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi hiyo, na umwambie mhudumu ili tembe zisikupungukie.

4. Aliyepasuliwa tumbo ili apunguze uzito

Siku hizi mtu mwenye uzito wa kupita kiasi anaweza kupasuliwa tumbo, Nairobi au ng'ambo. Wengine hukatwa sehemu kubwa ya tumbo. Wengine huunganishwa ili chakula kiruke sehemu ya utumbo. Kwa huyu mfereji wenyewe umebadilishwa, kwa hivyo jamaa zake wajue haya:

- Dozi ya zamani ya sukari au presha inaweza kuwa kali mno kwake. Ipimwe upya na daktari, asije akaanguka kwa sukari kushuka.
- Asinunue dukani dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Zinaweza kumtoboa vidonda tumboni. Aombe parasetamoli.
- Tembe za vitamini, chuma na kalsiamu ni za maisha. Chuma na kalsiamu zitenganishwe kwa saa 2.
- Asisage tembe bila kuuliza. Wiki za kwanza huenda akaambiwa asage nyingine, lakini tembe iliyotengenezwa kuyeyuka polepole ikisagwa hutoa nguvu yote mara moja, na hiyo ni hatari kwa mtu yeyote.

5. Mwezi wa Ramadhani

Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi inaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Ya mara tatu ni vigumu, na mgonjwa wa sukari lazima aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Usijipunguzie dozi mwenyewe. Dini inamruhusu mgonjwa kufungua na kuzilipa siku hizo akipona.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwenu dawa humezwa kwa nini: maji, chai au maziwa?
2. Ni nani kikundini aliyewahi kuacha dawa kabla ya siku kwisha? Kwa sababu gani?
3. Kila mmoja akipewa dawa, aulize mambo manne kabla ya kutoka zahanati: Nimeze na nini? Kabla au baada ya kula? Kwa siku ngapi? Nikitapika au nikisahau nifanye nini?

Mwanachama anayejua kusoma awaandikie wazee majibu hayo juu ya pakiti, au achore jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku. Mkutano ujao kila mmoja alete pakiti zake za dawa, mzikague pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji.