Mafunzo Niliyopata kwa Mbwa, Rangi na Ukuta

Hapa Nyahanga, mjini Kahama, ukifuga mbwa watu wanajua una kitu cha kulinda. Mimi sina duka, na dhahabu naisikia tu. Mbwa wangu, Tuone, nilimchukua akiwa mdogo alinde kuku, akaishia kuwa ndiye ninayemchora jioni.

1. Mbwa hakai ili achorwe. Ukianza mgongo, anageukia nzi. Ukifika kwenye kichwa, bodaboda imepita na masikio yote mawili yamehamia barabarani. Kwa hiyo naanza na masikio, ndiyo yanayokimbia kwanza, kisha namalizia mengine kwa kumbukumbu. Miguu ya nyuma ndiyo iliyonifundisha kutazama. Kile kiungo kilichochongoka kuelekea nyuma, ambacho wengi tunakiita goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Tangu nilijue hilo, kila mbwa anayepita namtazama miguu kwanza, na wenyewe hawapendi.

2. Rangi nzuri ni ile inayopatikana. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vibao vya mraba vya dari. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake wakaendelea, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Nami naomba mabaki ya makopo kwa mafundi wa mageti. Ndiyo maana Tuone wangu wengi ni wa bluu.

3. Usukumani picha zilikuwa na kazi. Bayeye, chama cha waganga wa nyoka, walichora nyoka na viumbe wengine kwenye kuta za ndani za nyumba walimowaingiza wanachama wapya. Hans Cory alizikusanya habari za michoro hiyo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Hilo linanigusa kuliko maonyesho yoyote ya mjini: mchoro usiouzwa, uliofichwa ndani, unaomfundisha mgeni mambo ya chama. Na nyoka wenyewe walifugwa. Hata leo, kwenye ngoma za vyama vya Bagika na Bagalu, mchezaji anaweza kuingia uwanjani na chatu mabegani, na watu wakapishana haraka kutafuta nafasi ya nyuma. Mtu anayemlisha chatu, anayejua siku gani ameshiba na siku gani asiguswe, nadhani angemchora vizuri kuliko mimi ninavyomchora mbwa.

4. Jina la mbwa linasikika hadi kwa jirani. Mzee wa nyumba ya pili aliniuliza, kwa upole lakini bila kucheka, “Mwanangu, tuone nini?” Nilimweleza kuwa sina neno na mtu. Hakuamini, maana kwetu wapo wanaomwita mbwa kwa ujumbe wanaoogopa kuutamka uso kwa uso. Alipoona nimempeleka mbwa chanjo ya kichaa, akalegea. Siku hizi humtupia mifupa.

5. Lengo likae mahali linapoonekana. Nilikuwa nikiandika malengo makubwa nyuma ya daftari, mahali ambapo hayamsumbui mtu. Sasa lengo ni moja: kiangazi hiki niupake udongo mweupe ukuta wa ndani wa chumba cha nyuma, nichore wanyama wa nyumbani kwetu kwa ukubwa wao halisi, kuanzia kuku hadi Tuone. Mama amekubali, kwa masharti mawili. Nisipake bluu kila kitu, na chatu asiwemo, kwa sababu humo ndimo anamolala mama akija kutusalimia.