Digrii ya Mwalimu Aliye Kazini: Fanya Haya, Usifanye Haya

Mwalimu wa stashahada unayetaka digrii ya ualimu huku bado unashika chaki, soma haya kabla hujalipia fomu ya udahili. Njia hiyo nimeipita, na nimewaona wenzangu wakiumia humo.

Omba ruhusa kwa maandishi. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa uitunze nyumbani. Mkuu akikuambia "kasome tu, nitakulinda," hiyo si ruhusa. Kesho akihamishwa, anayekuja hakujui. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi unaweza kukufukuzisha, na kusema ulikuwa kwenye chumba cha mtihani hakutakuokoa.

Chuoni, soma masomo unayofundisha.

Usikimbilie kuacha kituo chako cha kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani kwa ajili ya watu kama wewe, wenye kazi na familia. Uliza huko kwanza.

Usiwaibie watoto. Hapa ndipo roho inaponiuma. Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa na darasa la nne, watoto zaidi ya 80. Kipindi cha hisabati niliandika maswali kumi ubaoni, nikakaa nyuma ya darasa na moduli ya saikolojia ya elimu mapajani. Jioni nikasahihisha madaftari mbiombio, akili yote iko kwenye mtihani wa Jumatatu. Wiki iliyofuata mtoto mmoja akaniletea daftari lake, akaweka kidole kwenye 7 × 8 = 54. Pembeni palikuwa na alama ya vema, wino wangu mwekundu. "Mwalimu, dada anasema ni 56. Lakini wewe ulinipa vema." Alikuwa ameshaikariri 54, na alimbishia dada yake kwa sababu aliniamini mimi. Nililipitia upya kila daftari la darasa lile, na hilo halikuwa kosa pekee.

Basi moduli isiingie darasani. Usimwachie kiranja watoto wakinakili ubaoni ili wewe umalize kazi ya chuo. Amka saa 10 alfajiri, soma hadi nyumba iamke. Siku za mitihani ya chuo zikikaribia, panga mapema na mwenzako akushikie vipindi: mwandikie mada, ukurasa na mazoezi, kisha nawe umfidie vyake. Andalio la somo liandikwe kila siku, hata wiki ya mitihani yako.

Usinunue utafiti. Katika steshenari hukosi mtu wa kukuambia, "Acha jina na namba ya usajili, Ijumaa chukua." Kataa. Mwezi wa Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na ajira zao zikaishia hapo. Wewe cheti chako kitakuwa halali juu ya kazi isiyo yako, na mimi sioni tofauti kubwa. Isitoshe, hakuna mwanachuo mwenye utajiri wa kuchunguza kama mwalimu aliye kazini. Chunguza kwa nini nusu ya darasa lako la pili inakwama kwenye "mwa" na "nywa". Wahusika wa utafiti wako wanakusubiri mstarini kila asubuhi.

Usiweke kadi ya benki rehani. Wakopeshaji wa mikopo ya kausha damu watabaki na kadi na namba yako ya siri, mshahara utolewe kabla hujauona. Anza kuweka akiba SACCOS mwaka mzima kabla ya kujiunga, na ulipe ada kwa mafungu. Wala usile leo mshahara wa TGTS D, ngazi ya mwalimu mwenye digrii. Kubadilishiwa muundo kunategemea ikama na bajeti, na digrii yako inaweza kukaa kabatini muda mrefu kabla ya kufika kwenye hati ya mshahara.

Waambie wa nyumbani ukweli: miaka mitatu au zaidi ya Jumamosi ambazo hutakuwapo.

Ukihitimu, peleka nakala ya cheti kwa afisa utumishi siku hiyo hiyo unapokipata, na nakala yako ya barua ya kukiwasilisha igongwe muhuri. Kisha rudi darasani. Kuna mtoto bado anasema 54.