Kisomaji cha RFID Kiwandani: Jinsi ya Kukifunga, Kukijaribu na Kukitumia kwa Haki

Kiwanda kidogo cha maziwa hakipati hasara kwa maziwa yaliyoharibika pekee. Kreti za plastiki zinazobeba pakiti za maziwa hutoka alfajiri kwenda madukani na hutarajiwa kurudi. Zisiporudi, ushirika hulazimika kununua nyingine, na gharama hiyo mwishowe humfikia mfugaji. Zikirudi bila kuandikwa, dereva au msambazaji hudaiwa kitu ambacho tayari amekirejesha.

Kisomaji cha RFID kinaweza kumaliza mabishano hayo. Kikifungwa vibaya, kinaweza pia kuyazidisha, kwa sababu watu wengi huamini hesabu ya mashine kuliko neno la mwenzao. Somo hili linawalenga mafundi, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wanachama wa vyama vya ushirika wanaofikiria kununua mtambo wa aina hii.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Mfumo una sehemu nne: lebo, antena, kisomaji na kidhibiti cha mitambo ambacho mafundi hukiita PLC. Lebo ina chipu ndogo yenye nambari yake ya kipekee na kwa kawaida haina betri. Kisomaji hutuma mawimbi ya redio kupitia antena, lebo hupata nguvu kutoka kwa mawimbi hayo, kisha hurudisha nambari yake. Kisomaji hupeleka nambari hiyo kwa kompyuta ya hesabu au kwa PLC, ambayo huendesha mkanda wa kusafirisha kreti.

Kazi hii haihitaji lebo kuonekana kwa macho kama msimbo pau unaosomwa dukani. Kreti tano zilizopangwa moja juu ya nyingine zinaweza kusomwa kwa pamoja zinapopita.

Kuchagua masafa yanayofaa

Kuna masafa matatu yanayotumiwa sana. Lebo za kilohezi 125 hadi 134 husomwa kwa karibu na hutumika sana kutambua mifugo. Za megahezi 13.56 pia husomwa kwa karibu, mara nyingi chini ya mita moja. Za megahezi 860 hadi 960, zinazojulikana kama UHF, husomwa kwa umbali wa mita kadhaa, na ndizo zinazofaa kuhesabu kreti nyingi kwa mkupuo.

Hata hivyo, UHF ina maadui wawili: maji na chuma. Maji hufyonza mawimbi, na maziwa kwa sehemu kubwa ni maji. Chuma huyarudisha mawimbi, hivyo lebo inaweza kufichika au ikasomwa mahali isipotarajiwa. Kwa sababu hiyo lebo hubandikwa kwenye ukuta wa nje wa kreti, mbali na pakiti, na antena huwekwa pande mbili za mkanda ili upande mmoja ukizibwa, wa pili usome.

Nchini Kenya matumizi ya masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Visomaji vilivyotengenezewa soko la Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na sehemu ya masafa hayo hapa nchini hutumiwa na mitandao ya simu. Kabla ya kulipa, mnunuzi amtake muuzaji aonyeshe kwamba kifaa kimeidhinishwa kutumika nchini.

Kufunga mtambo hatua kwa hatua

Kwanza, zima umeme na ufunge swichi kwa kufuli ili mtu mwingine asiuwashe kazi ikiendelea. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Visomaji vingi vya viwandani hutumia volti 24 za umeme wa moja kwa moja. Soma kibandiko cha kifaa kabla ya kuunganisha.

Pili, unganisha antena kabla ya kuwasha kisomaji. Kutuma mawimbi kwenye tundu lisilo na antena kunaweza kuharibu kifaa. Tundu lisilotumika lizimwe kwenye mipangilio.

Tatu, tenganisha nyaya za antena na za data na nyaya za mota. Mota zinazobadilishwa kasi kwa umeme hutoa kelele inayovuruga mawasiliano. Waya wa antena usikunjwe kwa kona kali, na usiwe mrefu kuliko inavyohitajika, kwa kuwa kila mita hupunguza nguvu. Fremu ya mkanda na kisomaji viunganishwe na ardhi.

Nne, angalia uwezo wa kuvumilia maji. Alama ya IP67 humaanisha kifaa hakiingizi vumbi na kinavumilia kuzama majini kwa muda mfupi. Haimaanishi kitavumilia maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Kama sehemu hiyo huoshwa kwa pampu, tafuta kifaa chenye alama ya IP69K au ukiweke mahali pasipofikiwa na maji hayo. Lebo nazo ziwe za aina inayovumilia joto na sabuni ya kuoshea kreti.

Tano, kipe kisomaji anwani ya kudumu kwenye mtandao wa kiwanda, rekebisha saa yake, na ubadilishe nywila iliyotoka nayo dukani. Saa ikiwa na makosa, kreti iliyorudi jioni inaweza kuandikwa kwamba ilirudi siku nyingine.

Kurekebisha nguvu na muda wa kusoma

Kosa la kawaida ni kuweka nguvu ya juu kabisa kwa kudhani kwamba nguvu zaidi huleta usomaji bora. Nguvu ikizidi, kisomaji husoma pia kreti zilizo stoo au ndani ya gari lililoegeshwa nje. Anza na nguvu ndogo, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka kila kreti inayopita mbele ya antena isomwe. Kumbuka kwamba kila ongezeko la desibeli 3 huongeza nguvu karibu maradufu.

Weka pia kitambuzi cha mwanga kwenye mkanda. Kreti zinapokikatiza, PLC huamuru kisomaji kuanza kusoma, na zinapopita huamuru kiache. Kwa kuwa lebo moja inaweza kusomwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, programu ihesabu kila nambari mara moja tu kwa kila safari.

Kitambuzi kikiona mrundo wa kreti na kisomaji kisipate lebo yoyote, mkanda usimame au mrundo upelekwe pembeni ukaguliwe na mtu. Usiruhusu upite kimya kimya. Aidha, kisomaji cha RFID kisitumiwe kamwe kama kinga ya usalama wa wafanyakazi. Kitufe cha kusimamisha mkanda wakati wa dharura kiwe na waya wake, kisichotegemea kisomaji wala mtandao.

Majaribio kabla ya kuanza

Majaribio yafanywe palepale kiwandani, kwa kreti zilezile zitakazotumika. Hesabu kreti 100 kwa mkono, zipitishe mara 10, na uandike kila safari zilisomwa ngapi. Rudia zikiwa kavu, zikiwa na maji, zikiwa tupu na zikiwa na pakiti. Kisha fanya jaribio la pili ambalo wengi hulisahau: simamisha kreti karibu na mlango bila kuzipitisha, uone kama kisomaji kitazihesabu. Zikihesabiwa, punguza nguvu au geuza antena.

Asilimia 98 huonekana kuwa matokeo mazuri, lakini fikiria maana yake. Dereva akirudisha kreti 200 kwa siku, 4 hazitasomwa. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni kreti 104. Tuseme kreti moja hugharimu shilingi 500: dereva huyo ataonekana ana deni la shilingi 52,000 ingawa hakupoteza hata kreti moja.

Dawa yake ipo ndani ya mfumo wenyewe. Kila kreti ina nambari yake, kwa hiyo kreti inayosomwa ikitoka tena kiwandani, huku kumbukumbu zikionyesha kwamba bado iko kwa dereva, ni ushahidi kwamba ilirudi na haikusomwa. Programu ifute deni hilo yenyewe na iandike kosa hilo kwenye ripoti. Mfumo usiofanya hivyo haufai kutumiwa kumkata mtu malipo.

Uendeshaji wa kila siku

Kila asubuhi kabla ya kazi, msimamizi apitishe kreti moja ya majaribio ambayo nambari yake inajulikana. Antena zifutwe uchafu, na nyaya zikaguliwe. Mara moja kwa wiki, gari moja lihesabiwe kwa mkono na hesabu ilinganishwe na ya mashine. Tofauti ikianza kukua, chunguza lebo zilizovunjika, antena iliyogongwa au kitu cha chuma kilichowekwa karibu.

Umeme ukipotea, daftari lirudi mezani. Betri ya akiba husaidia kompyuta isipoteze kumbukumbu, lakini kreti zilizoingia wakati mtambo umezimika ziandikwe kwa mkono na pande zote mbili zitie sahihi.

Dereva apewe risiti inayoonyesha idadi iliyosomwa kabla hajaondoka, ili aweze kupinga papo hapo, kreti zikiwa bado mbele ya macho ya wote. Rekodi zinazohusisha jina la dereva na safari zake ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayehusika aelezwe zinakusanywa kwa nini, na ana haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Maswali kwa muuzaji kabla ya kulipa

1. Je, kifaa kimeidhinishwa kutumia masafa yake nchini Kenya?
2. Je, majaribio yatafanywa kiwandani kwa kreti zetu, kabla ya malipo ya mwisho?
3. Programu hufanya nini kreti isiposomwa inaporudi?
4. Nani atafundisha wafanyakazi wetu kurekebisha nguvu na kubadilisha antena?
5. Kumbukumbu zitakuwa mali ya nani mkataba ukiisha?

Chama kinachopata majibu ya maswali haya kwa maandishi kitakuwa na mahali pa kushika siku hesabu ya mashine na hesabu ya dereva zitakapotofautiana.