Taa Yenye Jina la Mdogo Wako

Leo tuanze na swali dogo: chumbani unakolala, taa ni ya nani?

Usicheke. Kama una chumba chako peke yako, shukuru. Wengi wetu tumekua tukilala na wadogo zetu, na hapo ndipo ugomvi wa taa unapoanza. Wewe uko kidato cha tatu, una mtihani wa Baiolojia, unataka mwanga mkali mpaka saa sita usiku. Mdogo wako ana miaka minne, alitakiwa awe amelala tangu saa mbili. Taa ikiwaka halali. Ukiizima anaanza: "Dada, kuna mtu pale mlangoni." Mwishowe sauti inatoka chumba cha pili, "Hebu zimeni hiyo taa!" Basi mtu anawasha kibatari, anakiweka kwenye kigoda karibu na kitanda, kila mtu ananyamaza. Amani imepatikana, lakini kwa bei mbaya.

Somo letu leo ni namna ya kumchagulia mtoto taa ya chumbani, taa iliyo yake kabisa, hata yenye jina lake. Unaweza kusema hilo ni jambo la wazazi. Ni kweli pesa ni yao, lakini usiku wewe ndiye uliyemo chumbani.

Tuanze na lile ambalo halina mjadala: pale mtoto anapolala pasiwe na mwali wa moto. Si kibatari (wengine mnaita koroboi), si mshumaa, wala chemli. Vyandarua vingi hutengenezwa kwa nyuzi za poliesta au polithini, ambazo ni jamii ya plastiki. Kikishika moto, chandarua kinayeyuka na kumdondokea aliyelala ndani. Mtoto hugeukageuka usiku, hurusha mguu, huvuta shuka. Kigoda kikisukumwa mara moja tu, yameisha.

Halafu kuna moshi. Umeona jinsi ukuta juu ya kibatari unavyokuwa mweusi? Watafiti waliopima taa za utambi mtupu walitangaza mwaka 2012 kwamba kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta yanayoungua humo hugeuka kuwa masizi meusi. Mengine yanakaa ukutani na mengine yanaingia puani. Asubuhi mpe mdogo wako kitambaa cheupe apenge kamasi, utaona mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilishauri mafuta ya taa yasitumike nyumbani.

Na kuna chupa. Ile chupa ya soda iliyojazwa mafuta ya taa na kusukumwa chini ya kitanda, mtoto mwenye kiu haijui ni ya mafuta. Akinywa, shida kubwa haiko tumboni bali kwenye mapafu, kwa sababu mafuta huteleza kwa urahisi na kuingia kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo usimtapishe hata kidogo, kwani akitapika mafuta yanapita kooni mara ya pili. Usimpe maziwa pia. Mkimbize kituo cha afya na uichukue ile chupa wakaione. Kama nyumbani bado mnatumia mafuta, yakae kwenye chombo chenye kifuniko kigumu, juu, mbali na vinywaji. Usiongeze mafuta taa ikiwa inawaka. Na mafuta yaliyochanganyika na petroli, hata kidogo, yanaweza kulipuka.

Akiungua je? Maji. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Najua dakika 20 ni nyingi mtoto akiwa analia, lakini vumilia. Kama hakuna bomba, mwagia kwa kata. Vua nguo iliyo karibu na jeraha, ila iliyoganda kwenye ngozi iache. Dawa ya meno, yai, unga, asali, vyote hivyo weka pembeni hata kama bibi anasisitiza. Funika kwa kitambaa safi, nendeni hospitali.

Sasa tuje kwenye taa zenyewe. Leo, hata mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, taa ndogo ya LED ya sola au ya betri ya kuchaji inapatikana sokoni, na haina mwali. Hata penye umeme chagua LED. Globu ya zamani yenye waya mwembamba ndani hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Ndiyo maana ukiifunika kwa kitambaa chekundu "ili mwanga upungue", kama nilivyoona kwa watu wenye akili zao timamu, kitambaa kinaanza kunuka kuungua. Na kumbuka umeme wa ukutani ni volti 230. Taa ndogo inayochajiwa kwa chaja ya simu hupata volti 5 tu, na kwa mtoto anayependa kutia vidole kila tundu, tofauti hiyo ni kubwa. Chajini mchana, chaja ing'olewe ukutani, usiku taa ikae yenyewe bila waya.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Zipo taa nzuri sana za watoto, za kipepeo, za mwezi, zinazotumia betri bapa mfano wa kifungo cha koti au sarafu. Mtoto akimeza betri ile ikanasa kooni, inaweza kuunguza nyama ya umio ndani ya saa 2. Kabla ya kununua geuza taa, tazama mfuniko wa betri. Kama haufungwi kwa skrubu, iache dukani hata ikiwa ya bei nafuu. Na ukihisi tu kwamba mtoto amemeza betri, usingoje kuona kama itatoka chooni. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Taa imeshakuwa salama. Swali linalofuata ni mwanga wa namna gani, na hapa itabidi turudi kidogo darasani.

Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo inayoitwa pineali. Giza linapoingia hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kuwa usiku umefika. Mwanga ukiingia machoni, hasa wenye rangi ya buluu nyingi, tezi inapunguza kutoa homoni hiyo. Mwanga mweupe wa LED unategemea sana buluu. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, na ndiyo iliyowezesha taa nyeupe tunazotumia leo.

Watoto wadogo huathirika zaidi kuliko sisi, kwa kuwa lenzi za macho yao ni angavu na mboni hupanuka sana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwakalisha watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 mbele ya mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa karibu asilimia 88, na ilikuwa haijarudi sawasawa dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa. Ni watoto wachache, na mwanga ulikuwa mkali kweli, lakini angalau sasa unajua kwa nini mdogo wako anarukaruka kitandani saa nne usiku chini ya globu yako nyeupe. Si mtundu, ni wewe na taa yako. Na mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. (Wewe mwenyewe unahitaji 8 hadi 10. Haya, tusitazamane hivyo.)

Dukani soma boksi la taa. Utaona namba yenye herufi K mwishoni. 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu, ifae jikoni au mezani kwa kusomea. Ya mtoto tafuta 2700K, au 3000K ikikosekana. Hiyo ni ya manjano, inafanana na rangi ya moto wa jioni. Kama boksi halina namba, omba iwashwe. Nguvu yake iwe ndogo. Kipimo changu ni hiki: kaa kitandani kwa mtoto na daftari lako. Ukiweza kusoma mwandiko wako, hiyo taa ni kali mno kwa usiku kucha. Inatosha auone mlango, ndala zake na sura yako.

Labda umesikia kwamba mtoto anayelala na taa huharibika macho. Habari hiyo ina asili yake. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika kwenye jarida la Nature kwamba watoto waliolala na taa kabla ya kutimiza miaka 2 walionekana kuwa na macho yasiyoona mbali kuliko wenzao. Magazeti yakaibeba. Mwaka 2000 watafiti wengine, wa Ohio na wa Boston, wakachunguza upya na hawakuona uhusiano huo. Walichokiona ni kwamba wazazi wasioona mbali ndio waliokuwa wakiacha taa ikiwaka zaidi chumbani kwa watoto, na hali hiyo ya macho hurithiwa. Kwa hiyo usimnyime mtoto mwanga hafifu kwa sababu ya habari ya mwaka 1999.

Maana woga wa giza si uongo. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ni jambo la kawaida kabisa. Akili yake imeshajua kutengeneza picha, lakini haijajua vizuri kutofautisha picha hiyo na kitu cha kweli. Ukimtishia "lala, zimwi linakuja", unamwongezea mzigo. Na mtoto anayeogopa giza haendi haja ndogo usiku, kwa hiyo anakojoa kitandani, asubuhi anachapwa. Anachapwa kwa kosa la taa!

Ndiyo maana nasisitiza taa iwe yake. Usimpeleke mbele ya taa ishirini, atachanganyikiwa na atachagua ile yenye muziki. Chagua wewe mbili zilizo salama, kisha umwambie, "Haya, mdogo wangu, ipi yako?" Akishachagua, iandikwe jina lake. Kalamu ya maka inatosha, au karatasi iliyokatwa na kubandikwa. Usitumie rangi ya mafuta ya zamani iliyobaki stoo, kwani inaweza kuwa na madini ya risasi, na watoto hutafuna kila kitu. Mtoto anayejua kuwasha na kuzima taa yenye jina lake ana kitu cha kufanya woga ukimjia, badala ya kukuamsha.

Kama pesa haitoshi kununua taa ya urembo, mtengenezee mwenyewe. Tafuta kopo tupu la maziwa ya unga, lioshe. Lijaze mchanga mbichi na ushindilie kwelikweli, la sivyo litabonyea. Andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa za nukta nukta, libandike juu ya kopo, kisha toboa kila nukta kwa msumari na nyundo. Mwaga mchanga, osha tena, zungushia utepe mdomo wa kopo maana unakata. Ndani ya matundu mna ncha kali, kwa hiyo kuingiza mkono humo ni kazi yako, si yake. Usiku lifunike kopo juu ya taa ndogo ya LED, na jina litawaka. Ni LED tu: usijaribu kuweka mshumaa humo. Na wakati wa kuchaji litoe kopo, taa ipate hewa.

Hapa pana mtego wa Fizikia. Ukitoboa jina lisomeke vizuri kwenye kopo, nuru itakayopiga ukutani italigeuza kama kwenye kioo. AMINA itasomeka ANIMA, na hiyo N nayo imegeuka. Ukitaka lisomeke ukutani, andika jina kwenye karatasi nyepesi, igeuze maandishi yatazame kopo, ndipo utoboe. Taa yenye kijibalbu kimoja hutoa herufi safi. Yenye vingi kila tundu litatoa vivuli vitatu vinne. Muulize mwenye jina analitaka wapi.

Na wewe mwenye mtihani? Kama sebule ipo wazi, kasomee huko. Kama haipo, elekeza taa yako chini kwenye daftari, mpe mdogo wako mgongo, na kingo ya boksi gumu isimame kati yenu.

Zoezi la usiku huu. Kabla mtoto hajalala, panda kitandani kwake, weka kichwa chako penye mto wake, washa taa yake na uzime nyingine zote. Tazama anachokiona yeye. Lile koti kwenye msumari lina mabega ya mtu. Ndoo juu ya kabati ni kichwa. Ondoa koti, shusha ndoo, sogeza taa chini karibu na sakafu upande wa mlango, mbali na chandarua. Kisha mwite alale, umuulize, "Iko sawa?" Akisema sogeza kidogo, sogeza.