SOMO LA MAKATIBU WA MATAWI: NANI ALISEMA NINI?



Katika somo hili tutajifunza kuandika mazungumzo ya kikao ili yakiwekwa kwenye tovuti ya chama, msomaji ajue kila neno ni la nani. Tuchukue mfano. Katibu wa tawi amekaa na meneja wa shamba, na baadaye ameandika hivi katika simu yake:

Malipo ya saa za ziada yatatolewa tarehe 28.
Kwa wote, pamoja na vibarua?
Kwa wote.

Meneja ndiye aliyeanza, katibu akauliza, meneja akajibu. Katibu hakuandika majina, kwa kuwa kila msemaji alikuwa na mstari wake. Lakini kwenye tovuti mistari yote mitatu imeungana ikawa mmoja. Sasa hilo "Kwa wote" la mwisho ni ahadi ya meneja, au ni katibu anayekazia dai lake? Tarehe 28 ikipita na vibarua hawajalipwa, mwajiri atashika hapo hapo.

Kwa nini mistari iliungana? Kurasa za intaneti huandikwa kwa lugha ya HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Lugha hiyo huhesabu mstari mpya, hata nafasi kumi ulizozirundika, kuwa nafasi moja tu. Inataka kuambiwa kwa alama: hapa aya inaanza, hapa herufi ziwe nzito. Alama zake ni nyingi na huchosha macho. Mwaka 2004 John Gruber wa Marekani alitoa utaratibu mwepesi uitwao Markdown, wenye alama zinazopatikana katika simu yoyote, na programu huzigeuza kuwa HTML. Tovuti nyingi huupokea. (Wapiga chapa wa zamani walikuwa na desturi ya namna hiyo: neno lililopigiwa mstari chini katika mswada walilichapa kwa herufi za mlazo.)

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: kila anapobadilika msemaji, ruka mstari mmoja mtupu. Kisha jina lake lizungushie vinyota viwili kila upande, nalo litatokea kwa herufi nzito:

Meneja: Malipo ya saa za ziada yatatolewa tarehe 28.

Katibu: Kwa wote, pamoja na vibarua?

Meneja: Kwa wote.

Vinyota vishikamane na neno. Ukiacha nafasi kati yake na neno, vitabaki vinyota tu. Kinyota kimoja kila upande hulaza herufi. Ukinukuu barua ya mwajiri, anza aya kwa alama > ili maneno yake yakae peke yake, yasichanganyike na maoni yetu.

Wengine wamezoea vitabu vya hadithi ambamo msemaji hutanguliwa na kistari. Hapa usifanye hivyo. Kistari mwanzoni mwa mstari, kikifuatwa na nafasi, huhesabiwa kuwa orodha, na mazungumzo yenu yatafanana na orodha ya vifaa vya ghala.

Mimi walionitia aibu ni tarakimu. Niliwahi kuorodhesha vifungu vya mkataba wa hali bora tulivyodai vimevunjwa: 7, 9 na 12, kila kimoja na mstari wake, tarakimu na nukta. Programu ikadhani nimekosea kuhesabu, ikapanga 7, 8, 9. Wanachama wakafungua kifungu cha 8, wakakuta habari za sare za kazi, wakaniuliza sare zina kosa gani. Tangu siku hiyo huanza kwa neno, "Kifungu cha 12", na programu haigusi.

Jihadharini pia na WhatsApp. Huko kinyota kimoja huleta herufi nzito, na mlazo huletwa na kistari cha chini, _hivi_. Ujumbe ulionakiliwa kutoka kundi la tawi hadi tovutini utageuka: yaliyokuwa mazito yatalala. Rekebisheni vinyota kwanza, kisha mjumbe mwingine aliyekuwapo kikaoni ausome ukurasa kwa simu yake, daftari la kikao likiwa mkononi.