Kadi ya grafiki: uliza wati kabla ya bei

Kompyuta nyingi za gemu hapa Unguja hazikuundwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizomaliza kazi maofisini ng'ambo, zikaja kwetu za mtumba, na aliyezinunua akataka kuzitia kadi ya grafiki acheze mpira au GTA. Si wazo baya. Prosesa ya i5 ya kizazi cha nne bado inajikaza, na kompyuta yenyewe ni rahisi. Tatizo huanza pale mtu anapochagua kadi kwa kusikia sifa zake mtandaoni, akasahau itapachikwa wapi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Darajani au kuagiza Kariakoo, fungua ubavu wa keisi usome kibandiko cha pawasaplai. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290 na ile nyembamba ina 255, na hakuna yenye waya wa ziada wa kulishia kadi. Wala usidhani utanunua pawasaplai kubwa ukaibadilisha jioni ileile: kompyuta hizi za Dell, na nyingi za HP, haziitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Utahitaji waya maalumu wa kuunganisha, na kwenye keisi nyembamba umbo lenyewe litakataa.

Unabaki na umeme wa sloti, ambao hauzidi wati 75, na katika baadhi ya keisi nyembamba ni pungufu ya hapo. Kadi zinazoishi ndani ya mpaka huo ni chache. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ndiyo inayotajwa zaidi, lakini tangu Oktoba 2025 Nvidia imeacha kuitengenezea draiva za gemu mpya. Imebaki na marekebisho ya usalama tu. GTX 1650 ina nguvu zaidi kwa wati zilezile 75, ila ziko zilizotengenezwa na tundu la umeme la pini 6, na hizo hazikufai. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inatumia wati 70 na inazishinda zote mbili. Kikwazo ni bei. RX 6400 inakula wati 53 tu na ina umbo la nusu kimo linaloingia kwenye keisi nyembamba, lakini inatumia njia 4 za sloti badala ya 16, hivyo kwenye mazabodi ya zamani hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Utaonyeshwa pia RX 580 kwa bei ya kuvutia. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikikesha migodini zilimwagwa sokoni, na hii ni miongoni mwazo. Inataka wati 185 na waya wake wa umeme. Hata ukiwa na pawasaplai ya kuimudu, piga hesabu ya umeme wa Tukuza: wati 110 zaidi ya GTX 1650, saa nne kila siku, ni kama yuniti 13 kwa mwezi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kadi za kughushi. Kadi kongwe kama GTS 450 huandikwa upya programu yake ya ndani ili kompyuta iisome kuwa GTX 1050 Ti. Dalili ya kwanza ni tundu la buluu la VGA: GTX 1050 Ti halisi haitoi picha kwa njia hiyo. Na hapa ndipo mteja anapojitia mtegoni, kwa sababu monita nyingi za mtumba zina VGA tu, basi akiiona kadi yenye tundu hilo anafurahi. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, achana na hiyo kadi.

Mwombe muuzaji aiwashe palepale dukani. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye fleshi. Ni ya bure, na nyingi za bandia huziandika wazi kuwa ni bandia. Kisha icheze gemu robo saa, si dakika mbili. Skrini ikichora mistari, au joto likipita nyuzi 85, irudishe mkononi mwake. Tazama pia kutu kwenye skrubu na meno ya shaba, khasa kadi iliyokaa karibu na pwani. Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Namba ya kadi iandikwe kwenye risiti, maana kurudisha kitu Dar ni nauli ya boti juu ya hasara.

Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo tenga fedha ya UPS, au angalau kifaa cha kukata umeme ukizidi.

Mwenye OptiPlex ya mnara na bajeti ndogo, ushauri wangu ni GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Chenji ikibaki, ongeza ramu ifike GB 16.