Karatasi ya Sita

Siku ya uchaguzi mkuu, kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Kelele nyingi za kampeni huwa za ile ya kwanza. Lakini zahanati ikikosa dawa, barabara ya kwenda sokoni ikikatika kwa mvua, au chekechea ikikosa mwalimu, hayo ni majukumu ambayo Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti. Fedha zake hupitishwa na Bunge la Kaunti, ambamo huketi wale mliowachagua kwa karatasi ya sita.

Hebu tufanye hesabu. Nakuru ina wadi 55, na mwaka 2022 wapiga kura waliojiandikisha walizidi milioni moja: wastani wa 19,000 hivi kwa wadi. Tuseme wadi moja ya ukubwa huo wamejitokeza 12,000, na wagombea ni wanane. Mshindi anaweza kupita kwa kura 3,000 tu, maana yeye hahitaji kuvuka nusu kama rais. Anayeongoza ndiye anayetwaa kiti. Wale 7,000 waliobaki nyumbani wangetosha kumwangusha, na zaidi. Wanasiasa nao huhesabu: mtaa usiopiga kura haumnyimi mtu usingizi. Kitaifa, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 86 mwaka 2013, wakashuka hadi karibu 65 mwaka 2022.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana hapa. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua Naivasha wametoka kaunti nyingine, na wapo ambao kura zao zingali kijijini. Mtu wa namna hiyo anakunywa maji ya Naivasha, anatibiwa Naivasha, mtoto wake anasoma Naivasha, lakini mwakilishi wadi wa anakoishi hamhitaji kwa lolote. Kupigia kura nyumbani ni haki yake, ila ajue anachoacha.

Anayetaka kuhamisha kura aende mwenyewe, akiwa na kitambulisho, katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge anakoishi. Sheria inataka ombi hilo lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo, makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kila mkaazi anaruhusiwa kutoa maoni, awe alipiga kura au hakupiga.